Mpiga mbizi wa maji baridi achague kifaa chenye fundi karibu

Mtu aliyejifunza kupiga mbizi Watamu au Diani, ambako maji ya Bahari Hindi huwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 29 hivi, hana sababu ya kuhofia kwamba kifaa chake cha kupumulia kitaganda. Anapohamia Uingereza kwa masomo au kazi na kuamua kuendelea na mchezo huo, mambo hubadilika. Katika Stoney Cove, timbo la zamani la mawe katika jimbo la Leicestershire ambalo lilijaa maji na sasa ni kituo mashuhuri cha wapiga mbizi, joto la maji wakati wa majira ya baridi huweza kushuka hadi nyuzi 4 au 5. Kifaa kilichomfaa mwenyewe vyema pwani ya Kenya chaweza kumhini huko akiwa mita 20 chini ya maji.

Kifaa kinachozungumziwa hapa ni regyuleta, ambayo ni jamaa ya ile inayofungwa kwenye mtungi wa gesi jikoni. Udugu huo si wa jina tu. Mfaransa Émile Gagnan, mhandisi aliyeshirikiana na Jacques Cousteau kuunda kifaa cha kwanza cha aina hii kilichofaulu mwaka 1943, alianza kwa kurekebisha vali iliyokusudiwa magari yaliyoendeshwa kwa gesi wakati wa uhaba wa petroli vitani.

Hewa iliyo ndani ya mtungi uliojazwa huwa na shinikizo la takriban mara 200 ya lile la hewa tunayovuta kila siku. Hakuna mapafu yanayoweza kustahimili nguvu hiyo. Kwa hivyo, regyuleta huipunguza kwa awamu mbili. Sehemu ya kwanza, iliyofungwa kwenye shingo ya mtungi, huishusha hadi takriban bar 10 juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mpiga mbizi. Sehemu ya pili, anayoiuma mdomoni, humpa hewa kwa kiasi anachovuta tu.

Hapo ndipo tatizo huanzia. Hewa iliyobanwa inapoachiliwa na kupanuka, hupoa. Yeyote aliyewahi kufungua vali ya gurudumu lililojaa upepo anajua jinsi upepo huo unavyotoka ukiwa baridi. Ndani ya regyuleta baridi hiyo hushuka chini kabisa ya sifuri. Pwani, maji yenye joto huipasha moto chuma papo hapo. Katika maji ya nyuzi 4, joto la kuazima ni haba mno, na tone la maji lililo karibu na springi au kiwambo cha sehemu ya kwanza huganda na kuwa barafu. Vali hushindwa kufunga. Shinikizo hupanda katika mpira unaoelekea mdomoni, na sehemu ya pili hulazimika kuimwaga hewa yote hiyo bila kukoma. Wakati mwingine ni sehemu ya pili yenyewe inayoganda, kwa sababu pumzi ya binadamu ina unyevu ambao hugeuka barafu kwenye wenzo mdogo unaoendesha vali.

Hesabu yake inatisha. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Kwa mtu aliyetulia anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, hewa hiyo ingemtosha kwa dakika 40 akiwa mita 20 chini, ambako shinikizo ni mara tatu. Regyuleta ikiganda ikiwa wazi, hewa hiyo huisha kwa dakika chache tu, huku mapovu yakimziba macho na mtungi ukizidi kupoa. Wapiga mbizi hufunzwa kuendelea kuvuta hewa inayomwagika huku wakipanda juu, au kuchukua hewa kwa mwenzao. Hata hivyo, anayeshikwa na hofu akapanda kwa kasi ajiweka katika hatari ya kuumia mapafu.

Ulaya ina kiwango kinachoitwa EN 250 ambacho huchukulia maji yaliyo chini ya nyuzi 10 kuwa baridi. Regyuleta inayodaiwa kufaa huko hujaribiwa katika maji ya nyuzi 4 au chini yake, kwa shinikizo la kina cha mita 50. Ile isiyopita jaribio hilo hutiwa alama ya ">10°C", yaani itumiwe tu katika maji yaliyo juu ya nyuzi 10. Alama hiyo ni ndogo, na mnunuzi wa kifaa kilichotumika, hasa kinachouzwa kwa bei ya kutupa, sharti aitafute kabla ya kutoa pesa.

Ndani ya zile zinazofaa maji baridi kuna tofauti pia. Nyingi huwa na kiwambo cha pili, au chumba kilichozibwa, kinachozuia maji yasifikie springi kabisa. Aidha, baadhi zina mapezi ya chuma yanayoongeza eneo la kuazima joto la maji. Shaba nyeupe iliyopakwa kromiamu hupitisha joto vizuri kuliko titani, ambayo sifa yake kubwa ni wepesi, na sehemu ya pili yenye chuma nyingi hustahimili baridi kuliko ile ya plastiki tupu. Muuzaji atasifu ulaini wa kupumua. Katika maji baridi ulaini huo si sifa tupu, kwani vali iliyorekebishwa kuwa nyepesi kupita kiasi huanza kumwaga hewa upesi zaidi.

Lakini cheti cha kiwandani hueleza hali ya kifaa kikiwa kipya. Mipete ya mpira huchakaa, kiti cha vali huchimbika, kichujio huziba, na kiwambo kinachozuia maji huweza kutoboka pasipo mwenyewe kujua. Watengenezaji wengi huagiza ukaguzi kila mwaka na urekebishaji kamili kila baada ya mwaka mmoja au miwili, au baada ya idadi fulani ya kuzama, mara nyingi 100. Vipuri vyao, kwa kawaida, huuzwa kwa mafundi waliofunzwa na kampuni husika pekee.

Ndiyo maana swali la fundi linapaswa kutangulia lile la jina la kampuni. Apeks hutengenezwa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, na mwenye regyuleta hiyo nchini humo hapati taabu kupata wa kuihudumia. Poseidon ni ya Göteborg nchini Uswidi, na imejengewa maji baridi tangu asili. Lakini muundo wa sehemu yake ya mdomoni hutofautiana na wa nyingine, na si kila karakana inayouelewa. Kifaa bora kinacholazimu kutumwa kwa posta hadi nchi nyingine kila mwaka hatimaye huachwa bila kuhudumiwa. Hicho ni hatari kuliko cha wastani kinachofunguliwa kwa wakati na fundi anayekijua.

Mnunuzi aende kwenye karakana kabla ya kwenda dukani. Aulize ni kampuni zipi fundi huyo ameidhinishwa kuhudumia, kama vipuri viko rafuni au huagizwa, na kazi huchukua muda gani mwanzoni mwa msimu, wakati kila mtu huleta chake. Fundi mwema hurudisha vipuri vya zamani na kuandika shinikizo alilopima. Akielezwa kwamba kifaa kitatumiwa kwenye baridi, atakirekebisha kisiwe chepesi mno. Baada ya huduma, kifaa kijaribiwe kwanza katika maji ya kina kifupi, kwani kasoro za kuunganisha huibuka siku hiyo.

Baadhi ya mazoea hayagharimu chochote: kutovuta pumzi kupitia regyuleta ukiwa bado kwenye upepo wa baridi kabla ya kuingia majini, kutobonyeza kitufe cha kumwaga hewa kwa muda mrefu, na kutojaza koti la kuelea wakati uleule wa kuvuta pumzi. Wengi hubeba pia regyuleta ya pili inayojitegemea kwenye mtungi wenye vali mbili, ili moja ikiganda ifungwe na nyingine itumike. Watafiti wanaozama chini ya barafu ya Antaktika hufanya hivyo.

Anayerejea nyumbani likizoni na regyuleta ya maji baridi hapotezi kitu. Kiwambo kilekile kinachozuia barafu huzuia pia chumvi na mchanga. Akague tu mdomo wake: Ulaya wengi hutumia ule wa skrubu wa aina ya DIN, ilhali vituo vingi vya maji ya joto duniani vina mitungi ya kibano, na kiunganishi kidogo mfukoni ndicho kitakachoamua iwapo atazama au atabaki mashuani.