Malaria ikirudi baada ya dozi, damu yaweza kueleza sababu

Mgonjwa wa malaria mjini Busia au Malaba anapomaliza dozi kisha homa ikamrudia baada ya majuma machache, lawama huelekezwa upesi kwa dawa kwamba imezoewa na vijidudu. Huenda ni kweli, hasa baada ya wanasayansi kuripoti mwaka 2021 dalili za usugu dhidi ya artemisinini kaskazini mwa Uganda. Yawezekana pia ameumwa na mbu mwingine, au dawa haikufika katika damu kwa kiasi cha kutosha. Usugu ukithibitishwa, serikali hulazimika kufikiria dawa nyingine. Kasoro ikiwa ni ya dozi, dawa njema itakuwa imetupwa bure.

Ndiyo maana watafiti hupima lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika vidonge ambavyo Kenya iliviteua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mwenzake, artemetha, hutoweka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikiwamaliza vijidudu waliosalia. Damu hutolewa siku ya saba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye nanogramu 200 au zaidi kwa kila mililita hupona kwa wingi. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni.

Kwa kiasi kidogo namna hiyo, makosa huanza mbali na maabara. Tone la damu lililowekwa kwenye karatasi lisipokauka vyema, au mgonjwa akiwa na upungufu wa damu, jibu laweza kupotoka. Siku ya sampuli ikikosewa, hata mashine bora haina la kusaidia.

Jibu sahihi nalo huhitaji maelezo. Lumefantrini hupenda mafuta: kwa watu wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi kinachoingia katika damu takriban mara 16. Dereva wa lori anayeimeza kwa maji matupu kwenye foleni ya Malaba hupata sehemu tu ya alichomeza. Rifampisini ya kifua kikuu pia huipunguza, na utafiti wa Tororo, ng'ambo tu ya mpaka, ulionyesha vivyo hivyo kwa watoto waliotumia efavirenzi ya kudhibiti virusi vya Ukimwi.

Tatizo ni kwamba ifikapo siku ya saba, dereva huyo huenda yuko Kampala au Mombasa.