Jina la Mji Kuwa Nomino ya Kawaida: Neno “Arasi”

Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, mzee Polonius anajificha nyuma ya kitambaa kilichotundikwa ukutani, naye anachomwa upanga papo hapo. Wanafunzi wengi hukiita kitambaa hicho “pazia”, kisha huuliza dirisha liko wapi. Swali lao ni la haki. Pazia huziba mlango au dirisha, ilhali kitambaa hiki kilifunika ukuta mtupu wa mawe, kikapunguza baridi na kuonyesha utajiri wa mwenye nyumba. Picha zake hazikuchapwa wala kutariziwa. Zilifumwa kwa nyuzi za mshindio zenye rangi mbalimbali, zikipitishwa katika mtande.

Kwa Kiingereza huitwa arras. Asili yake ni Arras, mji wa kaskazini ya Ufaransa uliosifika kwa ufumaji huo katika karne ya 14 na ya 15. Waitalia husema arazzo, na Wapolandi arras. Ajabu ni kwamba Wafaransa wenyewe, wenye mji, husema tapisserie, neno lenye uhusiano na zulia. Mwaka 1477 Mfalme Louis wa Kumi na Moja aliuteka mji huo, na ufumaji ukashamiri kwingine, hasa Tournai na Brussels. Hata hivyo jina halikuhama pamoja na kazi: vitambaa mashuhuri vya kasri la Wawel huko Krakow vilifumwa Brussels katika karne ya 16, na hadi leo huitwa kwa jina la Arras.

Kiswahili kinaijua njia hii. Kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, kikasafirishwa na misafara hadi Tabora, Ujiji na Buganda, kiliitwa merikani. Hakuna kiambishi kilichoongezwa ili kuunda maana mpya. Jina la nchi limekuwa jina la bidhaa, likaandikwa kwa herufi ndogo na kupata wingi: merikani hii, merikani hizi.

Kwa kigezo hicho, mwalimu akiamua kutohoa, aandike arasi, katika ngeli ya I-ZI: arasi imetundikwa, arasi zimetundikwa. Asiyependa utohozi aseme “kitambaa cha ukutani kilichofumwa picha”. Ni kirefu, lakini hakipotoshi. “Zulia la ukutani” halifai sana, kwa kuwa zulia, neno tulilolipata kwa Waarabu, humpeleka msikilizaji sakafuni, na Polonius hakujificha chini ya zulia.