Dereva na Utingo

Wanangu, sogeeni. Basi la kutoka Mombasa likifika Mokowe, mwenye safari ya Lamu hushuka akaenda gatini kutafuta boti. Siku nyingine msiwatazame abiria. Mtazameni dereva: amekaa kwenye usukani saa nyingi. Kisha mtazameni utingo wake, anavyopanda na kushuka, anavyoinama kwenye buti kutoa mizigo ya watu. Wamepita njia moja, wamekula vumbi moja. Kuna daktari aliyewachunguza watu kama hawa wawili akagundua jambo kubwa.

Jina lake Jerry Morris. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1910, akakulia Glasgow. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maradhi ya moyo yalikuwa yakiwaua wanaume wengi nchini mwake, na madaktari hawakujua sababu. Morris hakungoja wagonjwa waje hospitali, aliwafuata watu kwenye kazi zao. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato zaidi ya 500 kwa siku. Yeye na wenzake wakakusanya habari za wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000, wenye umri wa miaka 35 hadi 64.

Mwaka wa 1953 wakayachapisha majibu. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua, maradhi yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na hayakuwa makali vile. Wakatazama na watu wa posta: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa mezani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ninapompenda zaidi mtu huyu. Alijiuliza: huenda kukaa si tatizo, huenda wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Akaenda kuchungulia vipimo vya sare walizoshonewa. Kumbe ni kweli, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Mwingine angeficha karatasi hizo. Morris alizichapisha mwaka wa 1956, na uchunguzi ukaendelea kwa miaka. Wakalinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, na bado kondakta alikuwa salama kuliko dereva.

Moyo ni msuli, na msuli hupata nguvu kwa kutumika. Miguu inapofanya kazi, misuli yake huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mishipa huzoea kutanuka. Ndiyo sababu mwendo husaidia kuzuia pia kisukari na presha, maradhi ambayo leo yamo katika nyumba nyingi za pwani yetu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajishughulishe kwa kiwango cha kati hadi cha nguvu, kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku. Si lazima iwe mpira. Kukimbia kwenda dukani huhesabiwa, na kuvuta ndoo kisimani pia.

Hapa Kenya watafiti, Robert Ojiambo akiwa mmoja wao, waliwafunga vijana wa Bonde la Ufa vipimo vidogo viunoni. Matokeo yalitoka mwaka wa 2012: wa mashambani walijongea zaidi na kukaa kidogo kuliko wa mjini. Nalo jambo hili linanihuzunisha, kwa sababu tunapojenga mji, kitu cha kwanza tunachomnyang'anya mtoto ni njia ya kutembea kwa usalama.

Nanyi mna maabara mlangoni. Mokowe ina barabara, magari na bodaboda. Ng'ambo, vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu havipitishi gari. Mtu huenda kwa miguu na mzigo huenda kwa punda. Je, mtoto wa huku na wa kule, nani anayetembea zaidi? Msikimbilie kusema ni wa Lamu. Ulizeni kwanza shule ya kila mmoja iko umbali gani, jioni anacheza wapi, na kama mtoto wa kike anaachiwa kucheza sawa na kaka yake. Hilo la mwisho lihesabuni peke yake.