Minyoo ya Kompyuta: Tuizuie Mlangoni, Tuifukuze Ndani

Najua kwamba mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati, redio hata ipige kelele namna gani haisikiki. Basi haya ndiyo maneno yaliyosemwa redioni. Yasome pole pole, na ajuaye kusoma upesi amngoje mwenzake.

Leo tutazungumza juu ya minyoo. Si minyoo ya tumboni, ile dawa yake tunaijua. Ni minyoo inayoingia katika kompyuta ya nyumbani.

Lakini tuanze shambani, mahali tulipopazoea. Mkulima wa Rungwe akitaka kuongeza migomba yake, huomba machipukizi kwa jirani. Je, huyapanda vivi hivi tu? Mkulima mwangalifu hafanyi hivyo. Anajua kwamba fukusi wa migomba, na minyoo ya mizizi pia, hujificha ndani ya tunguu la chipukizi. Fukusi haruki mbali. Anayembeba kutoka shamba hadi shamba ni mtu mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hiyo mkulima hulichonga tunguu mpaka liwe jeupe, na pengine hulitumbukiza katika maji ya moto, ndipo apande. Shika mfano huu, tutaurudia.

MNYOO WA KOMPYUTA NI NINI?

Mnyoo wa kompyuta si mdudu mwenye damu. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu. Programu hiyo ikiingia katika mashine hujinakili yenyewe, kisha hutafuta mashine nyingine ya kuingia. Virusi vya kompyuta hujibandika katika faili la mtu, lakini mnyoo hujitegemea. Watu wengi huita vyote virusi, na haidhuru, maadamu tunajua jinsi ya kujikinga.

Mnyoo hupita katika njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni mtandao. Njia ya pili ni flashi, kile kijiti kidogo cha kuwekea mafaili.

Tutazame njia ya mtandao. Mwaka 2008, mwezi wa Oktoba, kampuni ya Microsoft ilitoa dawa ya kuziba tundu lililoonekana katika Windows. Mwezi uliofuata ukatokea mnyoo ulioitwa Conficker, ukapita katika tundu lile lile. Waliokwisha kuziba walisalimika mlango huo. Waliochelewa waliingiliwa, na mashine zilizoambukizwa zilifika mamilioni. Muda si mrefu mnyoo huo ukapata na hila ya kupanda flashi.

Tarehe 12 Mei 2017 mambo yakarudi vile vile. Mnyoo ulioitwa WannaCry uliyafunga mafaili ya watu kama kwa kufuli, ukadai fedha ndipo uyafungue. Ulienea katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa ya kuziba tundu lile ilikuwa imetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla!

Utauliza, “Mambo ya Uingereza yanatuhusu nini sisi wa Rungwe?” Yanatuhusu, kwa sababu Windows iliyoko Uingereza ndiyo iliyoko mezani pako, na tundu la huko ndilo tundu la hapa.

Sasa tutazame njia ya flashi, ambayo kwetu ndiyo iliyozoeleka zaidi. Flashi moja hutoka nyumbani Kiwira, ikaenda kupigwa chapa Tukuyu mjini, ikaazimwa na mwanafunzi aendaye Mbeya, kesho yake iko Kyela. Kila inapochomekwa huweza kuacha mnyoo, au kuokota mwingine. Ndilo lile chipukizi la mgomba.

TUSEME JAMBO HILI LIMEKUPATA

Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu za wanachama 30 umeziandika katika kompyuta yako: nani ameweka kiasi gani, na nani bado anadaiwa. Umepeleka flashi dukani kupiga chapa taarifa ya mwaka. Umerudi nyumbani, umeichomeka, na mafaili yako hayafunguki. Mahali pake umeona picha ndogo zenye alama ya mshale, zinazoitwa njia za mkato. Na mkutano ni keshokutwa.

Moyo utakupasuka. Jirani atakuambia, “Hiyo imekwisha, futa yote uanze upya.” Usikubali! Mara nyingi mnyoo wa namna hii haukufuta kitu. Umeyaficha mafaili, ukaweka ile mishale kama mtego. Ukiubofya mshale, wewe mwenyewe umeukaribisha mnyoo ndani. Ukifuta flashi nzima, umefanya madhara ambayo mnyoo wenyewe haukuyafanya.

JINSI YA KUMFUKUZA MGENI HUYU

Kwanza, itenge mashine. Zima mtandao na chomoa flashi. Flashi nyingine yoyote isichomekwe, hata kwa dakika moja. Usiandike neno la siri la benki wala la barua zako katika mashine hiyo mpaka ipone.

Pili, ipime mashine. Windows za sasa zina mlinzi wake, jina lake Microsoft Defender, naye halipiwi. Katika kisanduku cha kutafutia andika Windows Security, kisha ingia sehemu ya kinga ya virusi. Utakuta namna kadhaa za kupima. Chagua ile iitwayo Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima, itawaka tena, nayo itapimwa kabla Windows haijaamka, wakati mnyoo bado umelala. Hifadhi kwanza kazi yako, na uhakikishe betri ina chaji, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Tatu, ipime flashi. Baada ya mashine kupona, ichomeke, lakini usiifungue. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uagize ipimwe. Wengi husahau hatua hii. Kuitibu kompyuta na kuiacha flashi ni kutia maji katika pakacha. Ukimpa dawa ya minyoo mtoto mmoja, na ndugu zake ukawaacha, utashangaa wakiambukizana tena?

Nne, yafichue mafaili. Mwagize kompyuta akuonyeshe vitu vilivyofichwa. Agizo hilo liko katika sehemu ya mwonekano ya dirisha la mafaili. Kama bado hayaonekani, mwombe fundi aondoe alama ya kufichwa. Ni kazi fupi kwa ajuaye. Mwambie waziwazi, “Usifute kitu kabla sijayaona mafaili yangu.”

Tano, badilisha maneno yako ya siri, ukitumia mashine uliyo na hakika kwamba ni safi.

Kama baada ya hayo yote mnyoo hautoki, hapo ndipo Windows ifutwe na kuwekwa upya. Lakini kwanza yatolewe mafaili yako ya barua, hesabu na picha, nayo yapimwe. Programu za zamani ziachwe huko huko.

JINSI YA KUZUIA

Kinga ni bora kuliko tiba. Fanya mambo haya matano.

1. Ziba matundu. Dawa za kuziba huitwa masasisho. Microsoft hutoa zile za kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, nayo kwa saa zetu ni usiku. Basi Jumatano yake iwe siku yako ya kusasisha. Najua unalosema moyoni: “Masasisho yanakula bando.” Ni kweli, yanakula. Lakini pima mwenyewe: bando la siku moja katika mwezi, au hesabu za watu 30?

2. Jua umri wa Windows yako. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Ikiwa bado unayo, muulize fundi kama mashine yako yaweza kupokea Windows 11. Nyumba isiyokarabatiwa haiwi imara kwa kuwa mwenyewe anaipenda.

3. Mwache mlinzi kazini. Usimzime Defender, wala ukuta wa kinga wa Windows, eti mashine iende mbio. Jihadhari hasa na programu za wizi zinazogawiwa bure, zile zinazokuambia, “Zima kinga kwanza, ndipo uniweke.” Mgeni anayetaka mbwa afungwe kabla hajaingia, ana nia gani?

4. Chonga chipukizi kabla ya kupanda. Kila flashi ipimwe kabla ya kufunguliwa, hata ikiwa ya mwanao. Na unapokwenda kupiga chapa, chukua flashi yenye karatasi ile moja tu unayoihitaji. Hesabu zako zibaki nyumbani.

5. Weka nakala ya akiba. Nakili hesabu zako katika flashi ya pili, kila juma. Ukimaliza ichomoe, uifungie kabatini. Nakala inayobaki imechomekwa siku zote si akiba, maana mnyoo utaifikia nayo. Mnyoo wa namna ya WannaCry hufunga mafaili kweli kweli, wala haufichi tu. Hapo nakala ya kabatini ndiyo itakayokuokoa.

Ndugu mwanafunzi, labda wewe huna kompyuta. Pengine anayo mwanao, au katibu wa kikundi chako. Hata hivyo hesabu zilizomo ni zako. Unayo haki ya kumwuliza katibu, “Nakala ya pili iko wapi?” Asipokuwa na jibu, msiondoke mkutanoni kabla hamjaipanga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Flashi inafanana vipi na chipukizi la mgomba?
2. Kwa nini haifai kufuta flashi yote mara moja unapoona njia za mkato?
3. Conficker na WannaCry zilipita mahali ambapo dawa ilikwisha kutolewa. Hilo linatufundisha nini?
4. Katika kikundi chenu, nani anatunza nakala ya akiba, na anaitunza wapi?

Andika jibu la swali la nne katika daftari lako, kisha ulisome kwa sauti mbele ya wenzako. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.