Kilo za mkulima zisifutwe kimyakimya kwenye kompyuta

MSIMU wa alizeti mkoani Singida huwapa kazi kubwa makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Mizani inapima, majina yanaandikwa, na chama chenye kompyuta huingiza hesabu hizo humo.

Tatizo ni kwamba kompyuta haiachi alama ya kufuta. Tuseme mkulima wa Iramba amepeleka kilo 480, lakini kwenye faili zikasomeka 430. Kwenye daftari la karatasi mkwaruzo ungeonekana. Kwenye kompyuta namba mpya hukaa mahali pa ile ya zamani, na siku ya malipo hakuna anayejua nani alibadilisha wala lini.

Dawa mojawapo ni programu ya kutunza matoleo ya faili. Inayotumika sana duniani ni Git, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland. Ni ya bure, na ukishaipakua hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Anayeanza afuate hatua hizi:

1. Pakua Git kutoka git-scm.com na uiweke kwenye kompyuta.

2. Jitambulishe kwa kuandika: git config --global user.name "Jina lako". Rudia kwa user.email na anwani yako ya baruapepe. Kila mtumiaji awe na akaunti yake kwenye kompyuta hiyo.

3. Ingia kwenye folda ya kumbukumbu za chama, andika: git init. Hii hufanywa mara moja tu.

4. Hifadhi orodha ya mapokezi kwa mtindo wa CSV, ambao ni maandishi ya kawaida, ili mstari uliobadilika uonekane.

5. Kila jioni andika: git add . kisha git commit -m "Mapokezi ya leo".

Bodi ikitaka kukagua, git log -p itaonyesha jina, tarehe na namba iliyobadilishwa.

Hata hivyo, mjuzi mwenye nia mbaya anaweza kuvuruga historia hiyo. Kwa hiyo kila wiki folda nzima inakiliwe kwenye flashi inayotunzwa na mwenyekiti, si katibu.

Nawe mkulima, usitupe stakabadhi yako. Programu haiwezi kusahihisha mizani iliyochezewa, lakini karatasi yako na historia ya faili zikipishana, una mahali pa kuanzia kudai haki yako.