WireViz
WireViz ni programu huria ya kompyuta inayochora mafungu ya nyaya, yaani nyaya nyingi zilizofungwa pamoja na kuwekewa viunganishi kwenye ncha zake, kama zile za gari. Ilitolewa mwaka 2020 na imeandikwa kwa lugha ya Python.

Mtumiaji hachori kwa mkono. Huandika faili la matini katika muundo wa YAML, akitaja viunganishi, kebo na pini zinazoungana. Rangi huandikwa kwa herufi mbili (BK ni nyeusi, RD ni nyekundu). Programu ya Graphviz hupanga mchoro, na orodha ya vifaa vinavyohitajika hutoka pamoja nao.

Waya ukihamishwa kutoka pini ya 3 kwenda ya 5, mstari mmoja tu wa matini hubadilika, na mfumo wa kutunza matoleo kama Git huonyesha nani aliubadilisha na lini. Kwenye picha peke yake, badiliko dogo hivyo hupita kwa urahisi bila kuonekana, mpaka fundi aunganishe waya pasipo pake.

Kwa fungu kubwa kuna tatizo: mtumiaji hawezi kuweka kila kisanduku anapotaka, hivyo mchoro hutanuka na mistari kupishana hadi isisomeke. Afadhali kuligawa katika mafaili kadhaa, na maelezo ya viunganishi vinavyorudiwa yakae katika faili moja la pamoja. Mchoro hauonyeshi njia ambayo nyaya hupita ndani ya mashine.