Mbio za Bonde: Sedani Ndogo, Rekodi Kubwa

Kwa miaka mingi, kumiliki sedani ya chini yenye injini kali huku unaishi Ifakara kulikuwa kulionea gari. Vumbi, makorongo, matope ya masika: Land Cruiser ilitamba, Altezza ilibaki Morogoro mjini. Lami imegeuza matokeo. Hapa tumezipanga rekodi za magari haya, za dunia na za Afrika Mashariki, tukazipima kwa vipimo vya kwetu, Bonde la Kilombero. Anayepinga nafasi ya gari lake aje na namba.

1. Uwanja mrefu: kilomita 66.9

Hizo ndizo kilomita za lami kati ya Kidatu na Ifakara. Ujerumani wana Nürburgring, na mzunguko wake wa Nordschleife, unaoogopwa na madereva wa dunia nzima, una kilomita 20.832. Uzunguke mara tatu, na bado utakuwa umebakiwa na zaidi ya kilomita nne kufika Ifakara! Tena Nürburgring haina Udzungwa. Huku kwetu, ukielekea Ifakara, milima inakusindikiza kuliani, na kilele chake cha Luhombero kimesimama mita 2,576 juu ya usawa wa bahari. Unaiacha miwa ya Kidatu, unapita Sanje, Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege, na kila kijiji kina kona au tuta lake la kukumbuka.

Hii ni barabara ya watu, si ya mashindano. Kuna baiskeli, wanafunzi na magari ya miwa. Raha yake ni kuingia kwenye kona kwa mwendo halali ukiwa na gari lisiloyumba, na hapo ndipo sedani ya michezo inapoiacha mbali Noah iliyojaa magunia ya mchele.

2. Mfalme: farasi 210 bila tabo

Taji la bondeni ninampa Toyota Altezza, na sitetereki. Ilitoka mwaka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, na msimu wa 1998–1999 ikabeba tuzo ya Gari la Mwaka la Japani. Toleo la RS200 lenye gia sita za mkono lina injini ya 3S-GE: silinda nne, cc 1,998, bila tabo, farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Igawanye hesabu hiyo: mizunguko 127 kila sekunde!

Sasa tupime. Pikipiki ya Boxer 150 inayobeba abiria stendi ya Ifakara ina farasi 12 hivi. Ungehitaji Boxer 17 na nusu zivute kwa pamoja ili zifikie Altezza moja. Hiyo bado ni ndogo. Twende kwenye bwawa la Kidatu, lenye mitambo minne na uwezo wa megawati 204. RS200 ikikanyagwa mpaka mwisho hutoa kilowati 154. Altezza zipatazo 1,320 zingelingana na bwawa zima, na ukizipanga bampa kwa bampa foleni ingekuwa na urefu wa karibu kilomita sita.

Mwendo wake umefungwa kwenye kilomita 180 kwa saa. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina kasi ya juu ya 160. Kwa karatasi, Altezza imeshinda kwa 20. Kwa barabara, treni inashinda kila siku, kwa sababu ina reli yake peke yake na wewe una kibao cha 50 kila unapoingia kijijini, na askari mwenye tochi chini ya mwembe.

Ila raha ya Altezza haiko kwenye 180. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, na ya mbele yanabaki na kazi moja tu ya kugeuza, kwa hiyo stelingi inakueleza kila kinachotokea chini. Ukishusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu kabla ya kona, injini inapanda sauti na gari linajikusanya. Dashibodi yake imechorwa kama uso wa saa ya mkononi, yenye vijisaa vidogo ndani ya saa kubwa, na usiku ikiwaka, abiria wanakatiza mazungumzo kuitazama.

Kwa mwenye mfuko mwembamba ipo ya silinda sita, yenye injini ya 1G-FE na farasi 160. Hiyo ndiyo bingwa wa spea. Injini ya aina hiyohiyo imo kwenye Mark II Grande ya GX110, kwa hiyo fundi aliyezoea Grande anaijua tayari, na usichokipata Ifakara kinapanda basi kutoka Dar.

3. Mwendo wa subira: kilomita 70

Anayetoka Dar au Morogoro hukutana na kipimo cha subira kabla hajafika bondeni. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mwisho wa mwendo mchana ni 70. Ni dakika 43 za gari la farasi 210 kwenda taratibu! Vibao vimeorodhesha faini za kugonga wanyama kwa dola, mnyama mmoja mmoja, na ya twiga inatosha kununua gari lingine. Zima redio, fungua dirisha, isikilize injini ikipumua. Hata hiyo ni raha ya umiliki.

4. Misuli mikubwa: kutoka farasi 280 hadi 421

Hapa wanaingia mahasimu, Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution. Zote mbili zina tabo, zote husukuma magurudumu manne, na kwa miaka mingi karatasi zao za Japani ziliandikwa farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa huko walikubaliana kutopita hapo. Makubaliano hayo yalikufa mwaka 2004. Uingereza hawakusubiri: Evo VIII ya toleo la FQ-400 ilifika farasi 405 kutoka kwenye cc 1,997, yaani zaidi ya 200 kwa kila lita. Kisha mwaka 2019 Mercedes-AMG CLA 45 S ikaja na farasi 421 kutoka cc 1,991. Hizo ni Boxer 35, stendi nzima ya bodaboda ndani ya boneti moja!

Kwa masika ya Kilombero, Impreza inaipita Altezza bila mjadala. Lami ikilowa, magurudumu manne yanashika pale ambapo mawili ya nyuma yanaanza kucheza. Kiangazi kikirudi, taji nalirudisha kwa mfalme.

5. Rekodi ya fahari yetu: Safari nne mfululizo

Kama kuna mashindano yaliyoheshimisha sedani duniani, ni Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwenye rekodi ni mwana wa Afrika Mashariki! Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa jina la Kenya, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo. Ushindi wa kwanza, 1973, aliupata kwa Datsun 240Z. Mara nne zilizobaki, 1979, 1980, 1981 na 1982, alishinda kwa Datsun Violet, gari dogo la familia lenye umbo ambalo ungelipita mtaani bila kugeuka.

Kabla ya mfululizo huo, Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, babu wa Evo. Damu hiyo haikupotea. Tommi Mäkinen alishinda Safari ya 1996 na ya 2001 kwa Lancer, na katikati akawa bingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 1996 hadi 1999. Colin McRae naye aliichukua Safari ya 1997 kwa Impreza, mwaka ambao Subaru ilifunga ubingwa wa tatu mfululizo wa watengenezaji.

Ukali wa Safari unapimwa kwa waliobaki njiani. Mwaka 1968 magari 93 yalianza na saba yakamaliza, mbele yao Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Dereva na msoma njia wa kila gari, jumla watu 14: wote wangeenea kwenye Hiace moja ya daladala!

6. Ukoo mkubwa: milioni 50

Mwaka 2021 mauzo ya Toyota Corolla tangu 1966 yalipita milioni 50. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kila Watanzania kumi wangepata Corolla nane. Mmoja wa ukoo huo mwenye moto kwa umbo la sedani ni Corolla GT ya AE111: cc 1,600, valvu 20, farasi 165.

7. Tumbo la chini: pungufu ya sentimita 15

Chupa ya nusu lita ya maji ikisimama wima haipiti chini ya Altezza. Basi tuta linachukuliwa kwa mshazari, na njia ya mashambani kwenye majaruba ya mpunga anaachiwa mwenye Boxer. Anayekata springi ili gari lishuke zaidi, huku bondeni, analiharibu.

8. Daraja refu: mita 384

Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero lilizinduliwa Mei 2018 na kumaliza zama za pantoni. Mabasi 32 ya mita 12 yangepangana juu yake, au Altezza 87, au viwanja vitatu na zaidi ya nusu vya mpira kama cha Uwanja wa Mkapa. Kwa mwendo wa 50 unalivuka ndani ya sekunde 28. Zamani muda huo haukutosha hata kushuka kwenye gari kukata tiketi ya pantoni.

9. Ushindi mwembamba kuliko wote: cc 2

Huu naupenda kuliko yote. Gari likiingia nchini, ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Umri una tozo yake ya ziada, na Altezza ya mwisho ilitoka 2005, lakini mstari wa injini ndio wenye burudani. Evo ya cc 1,997 imepona kwa cc 3. Impreza STI ya cc 1,994 imepona kwa 6. RS200 imepona kwa cc 2, ujazo usiofika nusu ya kijiko cha chai! Kwa gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10, ambalo ushuru wa forodha wa asilimia 25 hulifikisha milioni 12.5, cc hizo mbili zinabakiza mfukoni shilingi 625,000 za ushuru wa bidhaa.